Aliyepanga Vitofali kwa Rangi

Gharama yote ya jambo hili ni kama ifuatavyo: chumba kimoja cha wageni, ambacho hakijalaza mgeni tangu nianze, vyungu kumi na kimoja vya Wakisi, kimoja kina ufa, subira ya mke wangu, ambayo sikuipima nilipoanza kuitumia na kwa hiyo siwezi kusema imebaki kiasi gani, na mtu mmoja wa kuongea naye. Nimehesabu mara mbili. Kila nikihesabu, huyo wa mwisho anazidi uzito kuliko anavyostahili, na hilo linaniudhi, kwa sababu amefariki majuzi kule Ipinda na mimi nilikuwa sijamaliza kumkasirikia.

Sitamtaja jina. Wasomaji wa safu hii walioko Kyela watamjua kabla sijafika katikati, na wa mbali jina halitawasaidia kitu. Desturi inataka nimseme vizuri. Wenzangu wameshaifanya kazi hiyo pale msibani, wamemsema vizuri mpaka nikageuka kuliangalia jeneza kama ni lilelile nililolifuata. Mimi nitasema ninayoyajua. Alikuwa mkaidi, mbishi, mzito wa kutoa chake na mwepesi wa kugusa cha mwenzake. Na alipanga vitofali kwa rangi.

Vitofali ninavyosema ni vile vya plastiki vya kuchezea watoto, vyenye vinundu juu na uwazi chini, unakandamiza kimoja juu ya kingine vinashikana. Huku kwetu huvikuti dukani. Vinakuja ndani ya marobota ya midoli ya mtumba, vimechanganyika na vichwa vya wanasesere visivyo na miili na magari yasiyo na magurudumu, na mtoto wa ughaibuni aliyekuwa navyo sasa hivi ni baba wa watu na ana upara. Mimi nimefika umri wa kuitwa babu na waendesha bodaboda, na ninavikusanya. Ninavijengea nyumba, madaraja, ghala, kisha ninavibomoa na kuvirudisha mahali pake. Nimeshaulizwa mara nyingi kwa nini. Jibu ninalo, ila wanaouliza huwa hawajafika bei.

Marehemu nilikutana naye juu ya dirisha. Kuna mama mmoja wa Mbugani anayemwaga midoli yake juu ya turubai pale sokoni Kyela, na siku hiyo nilikuwa nimeinama juu ya turubai hilo nikichambua kwa jicho la mtu asiyetaka kitu. Nikaona kidirisha cheupe cha vitofali, kizima, na kioo chake cha plastiki hakijakwaruzwa. Madirisha ni adimu. Robota zima linaweza kwisha usione hata moja. Nikanyoosha mkono. Mkono mwingine, wenye kucha zilizoingia weusi wa kakao, ukafika pamoja na wangu. Nikainua macho, nikamkuta mtu mzima mwenzangu, kavaa shati la kazini, hana aibu yoyote.

"Mnawanunulia wajukuu, baba zangu?" mama akatuuliza.

"Wajukuu," nikasema.

"Wajukuu," na yeye akasema.

Wangu wa kwanza wakati huo alikuwa hajazaliwa. Wake, nilikuja kujua baadaye, alikuwa anasoma chuo Mbeya.

"Basi bei imepanda," mama akasema. "Wajukuu wamekuwa wengi."

Hakuachia dirisha. Nami sikuachia. Mwishowe nikaachia mimi, kwa sababu watu walianza kutuangalia, na yeye kuangaliwa hakukumsumbua. Lakini alinifuata hadi kwa wauza ndizi, akasema neno la maana, moja ya machache niliyowahi kumsikia akisema: "Nkamu, ndugu yangu, tukiinama wawili tunapandishiana bei." Tukafanya ushirika palepale. Kuanzia siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikiuliza bei. Nikishafika katikati ya mabishano, yeye anapita kama mtu asiyenijua, anasimama, anakitazama kitofali kwa huruma, anasema, "Plastiki za namna hii siku hizi zinapasuka hizi," kisha anakwenda zake. Ilitushushia bei kwa misimu miwili ya mavuno. Ilikoma siku nilipoinama na kufungua kinywa, mama wa Mbugani akaniwahi: "Subiri kwanza mwenzio apite aseme zinapasuka, ndipo tuelewane."

Kazi yake ilikuwa kukagua kakao. Wakulima wanaleta magunia ghalani, yeye anachota punje, anazipasua kwa urefu kwa kisu kidogo, anatazama ndani. Ikiwa kahawia, imevundikwa ikaiva; ikiwa zambarau, mkulima alikuwa na haraka ya hela. Nimewaona wazee wenye mashamba makubwa wakisimama mbele ya kisu kile kama wanaosubiri majibu ya hospitali. Sasa, kazi ikikaa ndani ya mtu muda mrefu, inaacha kuwa kazi. Namjua mwalimu mstaafu anayesahihisha kadi za harusi kwa kalamu nyekundu kabla hajatoa mchango. Namjua fundi cherehani asiyeweza kusikiliza mahubiri kwa sababu ya mshono wa joho la mchungaji. Huyu wa kwetu alikuwa na kisu. Kila kitofali alichonunua alikigeuza, akakikata chale ndogo upande wa chini, ndani ya ukingo, ili aone kama rangi imeingia hadi ndani au imepakwa juu tu. Kimoja kimoja. Gunia zima. Mtu mwenye akili angejaribu vichache akalala.

"Unaviharibu," nikamwambia mara ya kwanza nilipomkuta.

"Nakagua."

"Umeshakagua. Viko sawa. Acha."

"Nitajuaje viko sawa vyote nisipovikagua vyote?"

Nikamwambia kisu chake kikikaribia cha kwangu hata kimoja, nitampasua yeye kwa urefu nimtazame ndani. Akacheka, akafuta kisu kwenye suruali. "Utakuta zambarau," akasema.

Hilo la kisu ningeweza kulimeza. Lililonishinda ni upangaji. Nitaeleza, na asiyejali avumilie kidogo, kwa sababu ugomvi wote umesimama hapa. Vitofali vikishafika mia kadhaa, kuvijenga si kazi tena. Kazi ni kukipata unachokitaka. Mimi napanga kwa umbo. Chungu hiki cha vinundu viwili, hiki cha vinne, hiki cha vibapa, hiki cha magurudumu, hiki cha madirisha, ambacho siku zote kililia njaa. Rangi zote humohumo. Nikitaka cheusi cha vinundu viwili, nafunua chungu cha vinundu viwili na cheusi kinajitokeza chenyewe kama mkaa kwenye mchele. Yeye alipanga kwa rangi. Vyeusi vyote, vikubwa kwa vidogo, ndani ya ndoo moja. Jaribu kukitafuta kidude kimoja cheusi ndani ya ndoo ya vidude vyeusi. Utakaa hapo mpaka mpunga uote, uchanue, uvunwe. Nilimkuta mara nyingi amekaa hivyo, mkono umezama kwenye ndoo hadi kiwiko, na uso wa mtu anayesubiri samaki mbasa anase kwenye kina kirefu.

Ndoo zenyewe aliziokota kwa mafundi wanaopaka nyumba. Vyekundu alivitia kwenye ndoo iliyokuwa ya rangi nyekundu, vya bluu kwenye ya bluu, na akaona amegundua kitu. Vyungu vyangu alivicheka. "Unapika nini humo?" Nikamweleza kwamba panya hatafuni udongo, na kwamba vyungu nilivinunua mwenyewe kule Matema kwa akina mama wa Kikisi, kimoja kimoja, nikivigonga kwa kidole na kusikiliza, na kwamba chungu kizuri kinajibu. "Kinajibu nini?" akauliza. "Kinakwambia kilichomo?" Nikasema mwenye chungu anajua kilichomo. "Umbo mtu anaweza kuliiga," akaniambia, kwa sauti yake ya ghalani. "Rangi ndiyo haisemi uongo." Tulibishana hivyo kila tulipokutana, mke wake akituletea ndizi, na nisiwafiche, hakukuwa na mtu mwingine kuanzia Ipinda hadi ziwani ambaye ningeweza kubishana naye jambo hilo kwa dakika hata mbili. Wengine wote wangetuonea huruma.

Kisha yakaja masika yale. Sisi wa Bondeni tunajua maji yanavyoingia; hayabishi hodi, na jina la kata lilikwisha kutuonya. Mke wangu aliokoa mchele na magodoro. Mimi niliokoa vyungu, na hilo bado linatajwa nyumbani kwangu wageni wanapokuwepo. Nyumba ya marehemu ina msingi mrefu, kwa hiyo nikakodi pikapu nikavipeleka Ipinda, nikaviweka kwenye chumba chake cha ndoo, vifuniko vimefungwa kwa kamba ya migomba. Kabla ya kuvipakia nilihesabu vilivyomo. Elfu mbili mia tatu na kumi, madirisha manne tu kati ya hivyo. Sikuandika popote. Mtu anayehesabu mara mbili haandiki.

Sakafu yangu ilipokauka nikarudi kuvichukua. Nilimkuta barazani, anang'aa. Vyungu vyangu vyote kumi na kimoja vilikuwa vimepangwa ukutani, vimesuguliwa, vimepinduliwa juu chini kama vya mtu aliyehama.

"Nkamu, vyungu vyako hivyo," akasema. "Nimevisafisha, hata tope la barabarani limetoka."

"Na vilivyokuwemo?"

"Vimekaa mahali pake."

Nikaingia chumbani. Ndoo zake zilikuwa zimejaa hadi mdomoni. Alikuwa amevimwaga vya kwangu vyote, upangaji wangu wote, kazi ya jioni zisizo na idadi, akavigawa kwa rangi na kuvichanganya na vya kwake. Hakuniuliza. Hakunitumia mtu. Aliona kitu kimekaa vibaya nyumbani kwake, akakisahihisha. Nilitamka maneno ambayo mhariri wangu hatayaruhusu hapa.

"Nilikuwa nakusaidia," akasema.

"Nirudishie vyangu."

"Si hivyo humo. Chukua."

"Nitavijuaje?"

Akaketi, akatoa kisu chake, akaanza kumenya chungwa. "Mtu hawezi kujua vya kwake?" akasema.

Nililisikia kama tusi. Baadaye kidogo, alipoona sinyamazi, akasema kama nina haraka tuvipime kwenye mizani tugawane kilo. Kilo! Nikamwambia kilo ya magurudumu na kilo ya vitofali vya kawaida si kitu kimoja, na kwamba mimi si mkulima aliyeleta gunia mbele yake. Mke wake alikuwa ameshapakua. Nilipita mbele ya chakula kile bila kunawa mikono, jambo ambalo kwetu halina tafsiri mbili, nikabeba vyungu vitupu nikaondoka. Vilikuwa vinagongana njia nzima na kujibizana.

Tangu hapo hatukusemezana. Tukikutana kwenye misiba tulisalimiana, "Ugonile," na mwingine anaitikia, kwa sababu kumnyima mtu salamu ni gharama kubwa zaidi kuliko kumpa. Sokoni kila mmoja alikwenda kwa siku yake. Aliyefaidi ugomvi huo ni mama wa Mbugani, ambaye sasa aliuza kwa bei anayoitaka, kwani hakukuwa na wa kupita kusema zinapasuka. Nilianza upya, kitofali kimoja kimoja, na niwe mkweli, chungu hata kimoja hakikujaa. Nilikuwa nimeamua kwamba atakuja kuomba radhi, na nilikwisha andaa majibu. Yalikuwa mazuri. Mengine yalikuwa makali kiasi kwamba nilicheka peke yangu barabarani.

Ni mama huyohuyo aliyenipa habari. Nilikuwa nimesimama mbele ya turubai lake.

"Mwenzio hapiti tena," akaniambia.

"Najua hapiti. Hatusemezani."

"Baba." Akaacha kupanga midoli. "Nimesema hapiti tena."

Nilikwenda msibani. Kyela unaweza kukosa harusi ya mwanao ukasamehewa, lakini msiba wa mtu uliyekula kwake watu watauhesabu mpaka wa kwako. Nilikaa upande wa wanaume, nikasikiliza akisifiwa kwa upole ambao hakuwa nao, na akilini mwangu nilikuwa na jambo moja tu: kile chumba. Nilijua kwamba vyangu viko humo na kwamba sasa hakuna tena mtu duniani, zaidi yangu, anayejua kwamba ni vyangu. Nilikuwa napanga jinsi ya kulisema hilo kwa kaka yake mkubwa bila kuonekana mwehu. Kabla sijapata maneno, nikawaona vijana wa kamati ya msiba wakitoka na zile ndoo. Wapishi walikuwa wamekosa vyombo vya maji. Kijana wa kwanza akafika kwenye kichanja cha kuanikia kakao, akainamisha ndoo nyekundu, vikamiminika. Wa pili akamwaga ya bluu juu yake.

"Msimwage!" Nilisimama. Nilisikia sauti yangu ikiwa kubwa kuliko nilivyokusudia.

Kaka yake akaja mbio. "Kuna nini, tata?" akaniita kwa heshima ya baba. "Nyoka?"

"Wanavimwaga!"

Akatazama. "Ni midoli, tata."

"Si midoli."

"Msiba una watu wote hawa, maji hayana pa kukaa, wewe unalilia midoli?"

Mzee mmoja pembeni akasema kwa sauti ya chini, "Mwacheni. Huzuni humtoka kila mtu kwa njia yake." Wakanikalisha. Wakaniletea maji ya kunywa, wakayachota mbele yangu kutoka kwenye ndoo ya bluu. Pale kichanjani rangi zote zilikuwa lundo moja, juani, na nikajikuta nimekasirika kwa niaba ya upangaji wa kijinga kuliko wote niliowahi kuuona, ambao nao ulikuwa umechukua jioni za mtu.

Baada ya maziko mjane akaniita uani. Alikuwa amechoka, lakini macho yake yalikuwa makavu.

"Shemeji, vichukue vyote. Sitaki kuviona na siwezi kuvitupa."

"Pole, shemeji. Lakini humo kuna vyangu na vyake. Nitavijuaje?"

Akanitazama kama ninavyotazamwa na mke wangu. "Hukuwahi kugeuza?"

"Kugeuza nini?"

Akaokota viwili vyekundu kutoka kwenye lundo lile, akavigeuza kiganjani mwake. Kimoja kilikuwa na chale chini, ndani ya ukingo. Kingine hakikuwa nayo.

"Vyako hakuvigusa kwa kisu," akasema. "Uliapa utampasua."

Nilikaa chini. Chungwa lile likanirudia, na kisu kile, na "Mtu hawezi kujua vya kwake?" Ningeweza kuvichagua siku ileile, kabla ndizi hazijapoa.

"Kwa nini hakusema?"

"Nilimwambia aseme. Kila mara. Akawa anasema, 'Atageuza mwenyewe. Mtu anayehesabu mara mbili hawezi kukosa kugeuza mara moja.'"

Wasomaji wangu, wapo watakaosoma hapa na kudhani sasa nitalainika. Hapana. Nilikasirika upya, na kwa haki zaidi. Mtu alikuwa na jibu la ugomvi mdomoni, jibu la maneno matatu, akakaa nalo masika baada ya masika kwa sababu alitaka nilifikie mwenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema lolote kuhusu mtu anayejua daftari liko wapi na kulikalia. Na hatuko wawili tu. Nimekaa kwenye vikao vya ukoo vya kugawa mashamba ya migomba ambapo mpaka ulikuwa unajulikana na mtu mmoja, naye alikuwa ameuweka moyoni kama siri ya kanisa, mpaka akazikwa nao na watoto wake wakaanza kuoneshana mapanga. Tunapanga vitu vyetu kama watu wasiokufa. Tunawawekea wenzetu mitihani badala ya kuwawekea alama. Halafu sisi tunaowekewa mtihani tunachagua kununa, kwa sababu kununa hakuhitaji kuinama.

Nilivileta nyumbani kwa magunia. Nikaketi kwenye chumba cha wageni na kugeuza kimoja kimoja, chenye chale huku, kisicho na chale huku. Sasa mimi ndiye niliyekuwa nakagua gunia zima, na sikupenda kujiona. Nilipomaliza nikavihesabu visivyo na chale. Elfu mbili mia sita sabini na nne. Nikahesabu tena. Elfu mbili mia sita sabini na nne. Nilipeleka Ipinda elfu mbili mia tatu na kumi. Kama kuna mtoto aliyejaza mfuko pale msibani, basi vilikuwa vingi zaidi ya hapo. Mtu wa sokoni akikuta kimepungua anajua la kufanya. Kikizidi, hajui pa kuanzia. Nikavigawa kwa umbo mpaka nikafika kwenye madirisha. Nilikuwa nimepeleka manne. Sasa yalikuwa thelathini na moja, meupe, mazima, na chini ya kila moja ukingo ulikuwa safi.

Siku ya kuondoa matanga nikarudi Ipinda. Nilikula, mara mbili. Kisha nikamuuliza mjane kama kisu cha marehemu kilipotea miaka ya mwisho.

"Kisu kipo," akasema. "Amemenyea machungwa mpaka wiki aliyougua."

"Na sokoni alikuwa anakwenda?"

"Alikwenda. Akirudi na mfuko, vingine anakata, vingine anavitia kwenye ndoo hivihivi. Nilidhani macho yamechoka."

"Madirisha alikuwa anakata?"

"Tangu mgombane, madirisha hakukata hata moja, shemeji. Si hayo mlikuwa mnagombania?"

Sasa hesabu ndiyo hiyo, na haifungi. Angeweza kuniletea. Kutoka Ipinda hadi Bondeni si kuvuka ziwa kwenda ng'ambo. Angeweza kumpa mama wa Mbugani anifikishie. Badala yake aliyatumbukiza kwenye ndoo ya vyeupe, chini kabisa, pamoja na mamia ya vyeupe vingine. Hata radhi yake aliipanga kwa rangi, ili ukiitaka uzamishe mkono hadi kiwiko. Ndivyo alivyokuwa, na wanaosema alikuwa mpole hawakumjua. Nilimtishia kumpasua nimtazame ndani, nikaishia kutazama maganda ya machungwa yake. Ninachoweza kuwaambia nyinyi mnaonisoma ni kifupi: ukitaka kugombana na mtu, gombana, lakini kwanza kigeuze kitu chenyewe uone chini. Kugeuza hakugharimu kitu, na mimi nisiyependa kulipa bei ya kwanza, hili nimelilipia bei ya kwanza.

Ninaomba ushauri. Mia tatu sitini na nne si vyangu, kwa sababu sikuvinunua. Si vyake, kwa sababu hakuvikata. Mjane amekataa kuvipokea, na kaka yake akiniona anauliza kama nimepata nafuu. Kitu ulichopewa na mtu usiyemsemesha, hukukiomba, hukukishukuru, unakirudisha wapi? Halafu kuna vile vya chale, vya kwake halali, bado viko juu ya turubai chumbani na mke wangu anavizunguka. Kwa umbo ndiko sahihi. Msijisumbue kuniandikia kuhusu hilo, sijabadilika. Ila kila nikiokota chekundu chake nikitie kwenye chungu, mkono unakwenda wenyewe kwa vyekundu wenzake, na zile ndoo zake zilibaki msibani na sasa zina maji. Kwa hiyo yeyote mwenye ndoo tupu za rangi, nyekundu, bluu, nyeupe, hata kama mfuniko haupo, aniambie bei. Ya mwisho, si ya kwanza. Na asiniambie hazipasuki.